Kurudi mazoezini baada ya miaka 40 bila kuumia

Kwenye mabonanza ya maveterani jijini Dar es Salaam kuna jeraha linalojirudia. Mtu wa miaka 46, winga machachari wa zamani, anashuka kwenye gari, anafunga viatu, anapiga danadana mbili tatu na kuingia uwanjani. Dakika ya kumi mpira unapenyezwa nyuma ya beki, naye anachomoka kuufuata kama alivyokuwa akichomoka enzi za chandimu. Anahisi amepigwa teke la nguvu kisiginoni. Anageuka kumtafuta aliyempiga, hakuna mtu. Kano ya kisigino imekatika, na sasa ni hospitali, hogo na miezi ya kuchechemea. Jeraha hili huwapata zaidi wanaume wa kati ya miaka 30 na 50, hasa wanaokaa ofisini wiki nzima na kumaliza hamu yote Jumamosi.

Rika lake mwingine hata uwanjani haendi. Ngazi za ghorofa mbili zinamkata pumzi, kitambi kimetangulia, na jibu lake ni moja: umri umekwenda. Huyu wa pili simwoni akisimuliwa sana, lakini naamini ndiye aliye kwenye hatari kubwa zaidi, maana presha na kisukari havipigi kelele vinapoingia.

Wa kwanza anaamini hakuna kilichobadilika, wa pili anaamini kila kitu kimekwisha. Mwongozo huu ni wa wote wawili, wanaume kwa wanawake, walio kati ya miaka 40 na 60.

Umri umechukua nini, na kiti kimechukua nini

Kabla ya hatua zenyewe, ni lazima tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Mwaka 1966, huko Dallas nchini Marekani, watafiti waliwalaza kitandani vijana watano wa miaka 20 kwa wiki tatu, kisha wakawapima uwezo wa mwili kutumia oksijeni, yaani kile tunachokiita pumzi. Uliporomoka vibaya. Miaka 30 baadaye, mwaka 1996, waliwatafuta wale wale watano. Sasa walikuwa watu wazima wa miaka 50, wameongezeka uzito, na mafuta mwilini yamekuwa karibu mara mbili ya yale ya ujanani. Walipopimwa tena, ikaonekana kwamba zile wiki tatu za kulala ziliwashusha pumzi kuliko miaka 30 ya kuzeeka.

Kilichofuata ndicho kinachonigusa zaidi. Walipewa mazoezi ya kutembea, kukimbia polepole na kuendesha baiskeli kwa miezi sita, wakiongezewa kidogo kidogo. Mwishoni, pumzi yao kwa wastani ilirudi pale ilipokuwa walipokuwa na miaka 20, kabla ya kulazwa. Jambo moja tu lilishindikana: hawakuweza kufikia kilele walichokifikia ujanani baada ya kufanyishwa mazoezi makali. Watu watano ni wachache, lakini tafiti nyingine nyingi zimeelekea upande huo huo. Ulichopoteza kwa kukaa kinarudi. Kilichoshuka kwa umri ni dari.

Dari hiyo imeshuka hivi. Kasi ya juu kabisa ya mapigo ya moyo hupungua kila mwaka, ufanye mazoezi usifanye. Kanuni inayotumika sana ni 208 toa 0.7 mara umri wako. Kijana wa miaka 20 ana mapigo kama 194 kwa dakika, mwenye miaka 50 ana kama 173. Misuli nayo huanza kupungua baada ya miaka 30, kati ya asilimia 3 na 8 kwa kila miaka kumi kwa mtu asiyeishughulisha. Pumzi ya asiyefanya mazoezi hushuka kama asilimia 10 kila muongo, na kwa anayeendelea kujituma hushuka karibu nusu ya hapo.

Lakini badiliko linaloumiza watu wengi ni la kano, zile nyuzi ngumu zinazounganisha misuli na mifupa. Damu inayofika huko ni kidogo, kwa hiyo kano huimarika polepole sana. Misuli ya mtu wa miaka 45 inaweza kupata nguvu ndani ya wiki sita. Kano zake zinahitaji miezi mitatu au zaidi. Katikati ya muda huo mwili unakuambia uko tayari ilhali kisigino na goti haviko tayari. Yule winga aliangukia hapo hapo.

Kwa waliofika kilele mambo hayo hayo yanaonekana. Eliud Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 jijini Paris mwaka 2003 akiwa na miaka 18. Mwaka 2013 alihamia marathoni, na mwaka 2022 jijini Berlin akaweka rekodi ya dunia ya saa 2:01:09 akiwa na miaka 37. Mkenya mwenzake Edna Kiplagat, mama wa watoto, alishinda Boston mwaka 2017 akiwa na miaka 37, na ushindi wa mbio za wanawake za mwaka 2021 ukaja kuwa wake baada ya aliyemtangulia kunyang'anywa kwa dawa zilizokatazwa. Siku ya mbio hizo alikuwa na miaka 42. Kasi hutangulia kuondoka, ustahimilivu hubaki nyuma ukingoja kutumiwa.

Hatua ya kwanza: pima kabla ya kufunga raba

Nenda kwenye zahanati au kituo cha afya ukapime presha na sukari. Watu wengi wenye presha hawajijui, kwa sababu haiumi. Siku ya kupima usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla, kaa kitini dakika tano ukiwa umetulia, mgongo umeegemea na mkono umewekwa mezani, usiongee. Kipimo kizuri ni chini ya 120/80. Kikisoma 140/90 au zaidi, rudi siku nyingine upimwe tena. Kikijirudia, mwone daktari kwanza. Kwa sukari, pima asubuhi kabla ya kula: 7.0 na kuendelea, katika kipimo cha milimoli kwa lita, ni kiwango cha kisukari, na majibu huthibitishwa kwa kipimo cha pili.

Kisha chukua futi ya fundi cherehani. Zungusha kiunoni, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi kawaida. Usivute tumbo ndani. Mwanamume akizidi sentimita 94, mwanamke 80, hatari ya moyo na kisukari imeanza kupanda. Ukipenda kanuni rahisi zaidi, kiuno kisizidi nusu ya urefu wako. Namba hii naiamini kuliko mizani, kwa sababu mafuta ya tumboni, yanayozunguka ini na utumbo, yana madhara kuliko yale ya mapajani.

Usianze chochote kabla ya kuonana na daktari iwapo unapata maumivu au kubanwa kifua unapotembea haraka, umewahi kuzimia, una ugonjwa wa moyo, au mzazi ama ndugu yako wa damu alifariki ghafla akiwa bado kijana. Ukiwa unatumia dawa, mwulize mambo mawili. Baadhi ya dawa za presha, kama atenolo na propranolo, hupunguza mapigo ya moyo, hivyo ile kanuni ya 208 haitakufaa. Na anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi anaweza kushukiwa na sukari akiwa njiani, kwa hiyo abebe pipi au juisi mfukoni na asikimbie peke yake.

Hatua ya pili: jijaribu nyumbani

Weka kiti kisicho na mikono ukutani. Kunja mikono kifuani, kisha simama na kukaa mara nyingi uwezavyo kwa sekunde 30. Wanaume wa miaka 60 hadi 64 kwa kawaida hufikisha mara 14 hadi 19, wanawake 12 hadi 17. Kama una miaka 45 na hufiki hapo, miguu yako imekutangulia kuzeeka, na hatua ya nne ndiyo kazi yako kubwa.

Jaribio la pili: simama kwa mguu mmoja, peku, mikono pembeni, macho mbele, kwa sekunde 10. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliowahusu watu 1,702 wa Brazili wenye miaka 51 hadi 75, uligundua kwamba walioshindwa jaribio hili walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufariki katika miaka iliyofuata, hata umri na maradhi yalipozingatiwa. Usitishike ukishindwa. Msawazo hufundishika, simama kwa mguu mmoja kila unapopiga mswaki.

Andika matokeo pamoja na tarehe. Utayahitaji baada ya miezi mitatu, siku utakayodhani hujasogea.

Hatua ya tatu: wiki sita za kutembea

Wanaume wengi hudharau hatua hii. Wanaona kutembea ni kazi ya wazee. Lakini ndiyo inayozipa kano muda wake, na ndiyo itakayoamua kama mwezi wa nne utakuwa barabarani au kwa daktari wa mifupa.

Anza na dakika 20 kwa siku, siku nne au tano kwa wiki. Kila wiki ongeza dakika chache hadi ufikie 35 au 40. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya misuli angalau siku mbili. Hayo ni malengo ya kufikia, usiyabebe yote wiki ya kwanza.

Kipimo cha mwendo ni sauti yako. Mwendo wa wastani ni ule ambao unaweza kuongea sentensi nzima lakini kuimba kunakushinda. Hapa mchakamchaka una hekima ambayo wengi hawaitambui: kiongozi anaimba, kundi linaitikia, na anayeshindwa kuitikia anajua amezidisha. Vikundi vya mbio za pole vinavyopita barabarani alfajiri za Jumamosi na fulana zao za rangi moja bado wanaimba, na nakushauri ujiunge nao ukishamaliza wiki hizi sita. Ukiwa peke yako ni rahisi kuahirisha. Ukiwa na watu watakaokuulizia jana ulikuwa wapi, utaamka.

Juu ya mahali na wakati. Kabla ya saa moja asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni, joto limepungua. Ukitoka gizani vaa nguo nyeupe au yenye kung'aa, utembee ukitazamana na magari, maana bodaboda nyingine hazina taa. Mchanga mkavu wa ufukweni unapendeza lakini kisigino huzama na kuvutwa kila hatua. Kwa anayeanza, heri ule mchanga mgumu uliolowa maji yakiwa yametoka, na urudi kwa njia ile ile ili mteremko wa ufukwe usiulemee mguu mmoja. Raba ndicho kifaa pekee ambacho sikushauri ubanie pesa. Mtumba mzuri unafaa, ila upinde kiatu: kikijikunja katikati ya wayo badala ya kwenye vidole, kiache.

Hatua ya nne: misuli, mara mbili kwa wiki

Kijana anaweza kupuuza hatua hii miaka kumi asione hasara. Mtu wa makamo hawezi. Misuli ya miguu ndiyo hifadhi kubwa ya sukari inayotoka kwenye chakula. Ikipungua, sukari hubaki kwenye damu. Ndiyo pia inayomlinda goti, na baadaye ndiyo inayoamua kama mzee ataamka mwenyewe kwenye mkeka au atainuliwa.

Na haijachelewa kwa yeyote. Mwaka 1990, huko Boston, wazee wa miaka 86 hadi 96 waliokuwa wakitunzwa katika nyumba ya wazee walifanyishwa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu kwa wiki nane. Waliomaliza walikuwa na nguvu zaidi ya maradufu ya zile walizoanza nazo. Kama mwili wa miaka 90 unaitikia, wa miaka 48 una kisingizio gani?

Huhitaji jimu. Fanya haya, kila zoezi mara 8 hadi 12, upumzike dakika moja au mbili, urudie mizunguko miwili. Baada ya mwezi fanya mitatu.

Kuchuchumaa: anza kwa kukaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika. Ikizoeleka, toa kiti, shuka hadi mapaja yalingane na sakafu. Magoti yaelekee vidole vinakoelekea, yasiingie ndani.

Pushapu: anza ukutani, hamia kwenye meza imara, kisha kwenye ngazi ya chini, mwisho sakafuni. Kila hatua ikae wiki mbili au tatu. Anayeanzia sakafuni kwa kujionyesha huishia kuumia bega.

Kunyanyua visigino: simama pembeni ya ngazi, nusu ya mbele ya wayo ikiwa juu, shika ukuta. Panda kwa vidole, kisha teremka taratibu ukihesabu hadi tatu mpaka kisigino kipite chini ya ngazi. Kuteremka polepole huku ndiko kunakoimarisha kano ya kisigino na kigimbi. Zoezi hili ni dogo na linachosha akili, hivyo watu huliruka. Nakuomba usiliruke. Ukikusudia kurudi kwenye soka, lifanye siku tatu kwa wiki, na ukifika mwezi wa pili lifanye kwa mguu mmoja mmoja.

Daraja: lala chali, kunja magoti, nyanyua nyonga hadi mwili unyooke kutoka begani hadi gotini, shikilia kidogo, shuka. Ni dawa nzuri ya mgongo unaouma kwa kukaa.

Kubeba: jaza maji madumu mawili ya lita tano, ambayo ni kilo tano kila mkono, tembea nayo hatua 30 au 40 mgongo ukiwa wima. Kisha ya lita kumi. Kwa wale wanaochota maji kila siku hili wamelifanya tayari, na si ajabu bibi zetu walikuwa na mishiko ya chuma.

Zoezi likishakuwa jepesi, yaani unafika 12 na ungeweza kuendelea hadi 16, liongezee uzito au ugumu. Mfuko wa mgongoni wenye kilo tatu za mchele unatosha. Msuli usiodaiwa zaidi hauna sababu ya kukua.

Neno kwa akina mama. Hedhi hukoma kwa wengi kati ya miaka 45 na 55, na homoni ya estrojeni inaposhuka mifupa hupoteza uimara kwa kasi katika miaka michache inayofuata. Kutembea peke yake hakutoshi kuizuia. Mfupa husikia uzito: kubeba, kuchuchumaa na mzigo, kupanda ngazi, kurukaruka kidogo kwa asiye na shida ya magoti. Usihofu kuvimba misuli kama mwanamume. Homoni zako haziruhusu hilo. Mkojo ukikuchuruzika unaporuka au kukohoa, jambo linalowapata wengi waliojifungua, kaza misuli ya chini kana kwamba unazuia mkojo, hesabu tano, achia, mara kumi, asubuhi na jioni. Usione haya kumweleza daktari.

Hatua ya tano: kukimbia, kisha uwanja

Baada ya wiki sita za kutembea na misuli, anza kuchanganya. Kimbia dakika moja polepole sana, tembea mbili, rudia mara nane. Siku tatu kwa wiki, kamwe zisifuatane. Wiki ya pili na ya tatu iwe dakika mbili kwa mbili, kisha tatu kwa moja. Ndani ya miezi miwili wengi huweza kukimbia dakika 25 bila kusimama. Ukiwa na malengo, mbio za kilomita 5 zinazoambatana na Kilimanjaro Marathon kule Moshi ni mwanzo mzuri. Nusu marathoni ingoje mwaka mwingine.

Uchungu wa misuli unaofika siku ya pili na kuisha ndani ya saa 48 au 72 ni wa kawaida. Maumivu ya kuchoma sehemu moja, ya kwenye kiungo, au kisigino kinachokakamaa kila unapotoka kitandani, ni onyo. Punguza nusu kwa wiki moja. Usikimbie juu ya dawa za maumivu. Kidonge kinanyamazisha mlinzi, hakimwondoi mwizi.

Kuhusu soka. Nimeona watu wakirudi uwanjani wiki ya pili, na kila mara hoja yao ni kwamba wanajisikia vizuri. Subiri miezi mitatu. Ukifika, pasha mwili dakika 15 kamili: mchakamchaka mwepesi, kuzungusha nyonga, hatua ndefu za kupiga magoti, mbio fupi za nusu kasi, kisha robo tatu. Mechi ya kwanza cheza dakika 20 utoke. Kijana anacheza Jumamosi na Jumapili. Wewe acha siku mbili katikati. Na ukubali kubadilisha nafasi: jicho la mtu mzima linaona pasi ambayo winga wa miaka 20 haioni, kwa hiyo rudi kiungo, wapishe wenye kasi wakimbie.

Hatua ya sita: sahani

Watu husema wakifika 40 mwili huacha kuchoma chakula. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, uliokusanya vipimo vya zaidi ya watu 6,000 kutoka nchi nyingi, ulionyesha kwamba ukizingatia ukubwa wa mwili, nguvu unayotumia hubaki ile ile kati ya miaka 20 na 60. Mmoja wa waliouongoza, Herman Pontzer, aliwahi kuwapima Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi hapa Tanzania, watu wanaotembea na kuchimba na kuwinda kila siku. Akakuta nguvu wanayotumia kwa siku, kwa kulinganisha miili, haitofautiani sana na ya Wamarekani wanaokaa ofisini.

Maana yake ni nzito kwa mwenye kitambi. Mwili hujibana upande mwingine unapoushughulisha, kwa hiyo mazoezi yatakupa moyo, misuli na usingizi, ila kitambi kitaondokea mezani. Bia ya nusu lita ina kalori kama 200. Soda nyingi za mililita 350 zina sukari karibu vijiko tisa vya chai. Nyama choma, ndizi na bia nne baada ya bonanza hurudisha kila kilichotoka uwanjani na chenji juu.

Sihubiri kuacha ugali wala pilau. Geuza sahani: nusu iwe mboga za majani, kachumbari na matunda, robo wanga, robo protini. Ugali uwe wa dona. Mtu wa makamo anahitaji protini kuliko kijana kwa sababu misuli yake haiitikii chakula haraka. Kama gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku inafaa, isipokuwa kwa mwenye ugonjwa wa figo, ambaye lazima afuate maelekezo ya daktari wake. Mwenye kilo 70 anahitaji 70 hadi 84. Yai moja lina gramu 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, glasi ya maziwa 8. Dagaa ni hazina: bei nafuu, protini nyingi, na kwa sababu unawala na mifupa yao unapata kalsiamu pia. Gawa protini milo yote. Chai na chapati asubuhi, kisha nyama yote usiku, si mgao mzuri. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai, na ile ya kunyunyiza mezani iondoke kabisa.

Hatua ya saba: kupona

Hapa ndipo ujana na utu uzima vinapoachana kweli. Lala saa saba au zaidi. Baada ya siku ngumu ifuate siku nyepesi, na kila wiki ya nne punguza mazoezi yote kwa theluthi moja.

Mwezi wa Ramadhani usiache kabisa. Mazoezi mepesi nusu saa kabla ya futari yanafaa kwa mwenye afya, kwani maji yako karibu. Mazoezi ya misuli yawe baada ya tarawehe au saa moja mbili baada ya kufuturu. Mwenye kisukari apange na daktari kabla mwezi haujaandama.

Simama mara moja ukibanwa kifua, uchungu ukielekea mkono wa kushoto au taya, ukitoka jasho baridi, kizunguzungu kikikushika au moyo ukidundadunda bila mpangilio. Usisubiri ipoe wala usijiendeshe mwenyewe. Mwombe mtu akuwahishe hospitali. Ukiwa na homa, iwe malaria au mafua makali, usifanye mazoezi hadi siku kadhaa zipite tangu homa iishe.

Utakatika tu, kwa safari, msiba au ugonjwa. Ukikosa wiki moja, endelea pale pale ulipoachia. Ukikosa wiki mbili hadi nne, rudi na nusu ya ulichokuwa ukifanya, kisha ongeza kwa wiki mbili. Ukizidisha miezi miwili, rudi hatua ya tatu, utembee tena. Safari hii wiki tatu badala ya sita zitatosha. Na ile karatasi ya majaribio ya kiti na mguu mmoja, rudia kila baada ya miezi mitatu, upime na kiuno siku hiyo hiyo, asubuhi kabla ya chai.